Maji ya Mwezini, Hewa ya Mirihi na Fedha za Kikoba

*"Shikamoo mhandisi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na ni mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alituletea kijana anayeuza 'hisa' za kampuni inayosema itachimba maji mwezini iwauzie wanaanga watakaoishi huko miaka mingi. Anasema mchanga wa mwezi una hewa ya kupumua ndani yake, na kwamba Mirihi wameshatengeneza oksijeni. Mimi nilicheka, lakini mwanangu aliyemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM akaniambia, mama, hiyo ya oksijeni ni kweli kabisa. Sasa nimechanganyikiwa. Ni kweli binadamu anaweza kuishi huko mbali kwa kutumia vitu vya hukohuko bila kuletewa chochote kutoka duniani? Na kama mchanga mkavu wa mwezi unatoa maji, mbona sisi Dodoma tunaishi kwa mgao na madumu? Halafu mwanangu naye sasa anataka kusomea mambo hayo, nimwache au nimshauri asome kitu chenye ajira? Wenzangu wanataka jibu la hizo hisa kabla hatujavunja kikoba mwisho wa mwaka."*

Marahaba, dada yangu. Mwanao yuko sahihi, na wewe uliyecheka hukukosea. Oksijeni imetengenezwa Mirihi kweli, na mchanga wa mwezi una oksijeni nyingi kweli. Lakini kufanikisha jambo ndani ya kisanduku cha ukubwa wa betri ya gari ni kitu kimoja, kulitegemea jambo hilo kwa uhai wa watu ni kitu kingine, na katikati yake kuna kazi ya miaka mingi ambayo kijana wenu wa hisa ameiruka.

Kazi yangu ni uchenjuaji wa madini, yaani kuitoa dhahabu au shaba ndani ya mwamba, kwa hiyo nitakujibu kwa macho ya kazi hiyo. Ukiweka kando roketi na mavazi meupe, hili ni suala la mgodi. Mbale, yaani mwamba wenye madini, iko wapi? Ina kiwango gani? Umeme wa kuichenjua unatoka wapi? Mashine ikifa nani anaitengeneza? Na mnunuzi ni nani? Mradi wowote wa madini usioweza kujibu maswali hayo, uwe Ikungi au mwezini, bado ni maneno.

Nianze na hilo la "bila kuletewa chochote", kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Hakuna mtaalamu makini anayepanga hivyo kwa vizazi vya karibuni. Dawa, mbegu, pampu, nyaya, vipuri vya kompyuta, glovu, hata gundi, vitaendelea kutoka duniani. Kinachotafutwa ni kupunguza mzigo kwa kutengeneza kulekule vile vitu vichache vizito kuliko vyote: oksijeni, maji, mafuta ya roketi, na udongo wa kujengea.

Uzito ndio kiini cha habari yote hii. Kila kilo unayoirusha inadai mafuta ya kuisukuma, na mafuta hayo nayo yana uzito unaodai mafuta mengine. Roketi ya Saturn V iliyowapeleka Wamarekani mwezini kuanzia 1969 ilikuwa na takriban tani 2,900 ikiwa imesimama uwanjani. Kati ya hizo, kama tani 45 tu ndizo zilizosukumwa kuelekea mwezini, na kilichodondoka baharini mwisho wa safari kikiwa na watu watatu ndani hakikufika tani sita. Zilizobaki ziliungua au zilitupwa njiani. Sasa fikiria kwenda Mirihi, safari ya miezi kama saba, ukiwa umebeba na mafuta ya kurudia.

Shirika la anga la Marekani, NASA, lilipiga hesabu ya kuwanyanyua watu wanne kutoka juu ya Mirihi waanze safari ya kurudi nyumbani. Wanahitaji mafuta ya tani 7 hivi, na oksijeni ya kuyaunguzia tani 25. Huko hakuna hewa ya kuwashia moto, kwa hiyo roketi inabeba na hewa yake. Watu haohao wakiishi Mirihi mwaka mzima, oksijeni ya kupumua wote wanne ni karibu tani moja tu. Umeona kinachokula mzigo? Si mapafu, ni injini. Ndiyo maana anayesaka rasilimali huko juu hasaki dhahabu wala almasi, anasaka oksijeni kwanza.

Turudi kwenye "mchanga wenye hewa". Wanaanga wa safari hizo za mwezini, zilizoitwa Apollo, walileta kilo 382 za mawe na vumbi la mwezi, na vipimo vinaonyesha kati ya asilimia 40 na 45 ya uzito wa vumbi hilo ni oksijeni. Hilo ni kweli, na linashangaza mpaka ukumbuke kwamba hata lori la mchanga wa kujengea linalomwaga mzigo hapo Nkuhungu, karibu nusu ya uzito wake ni oksijeni vilevile. Hakuna aliyewahi kuupumua. Oksijeni hiyo imefungwa na silikoni, chuma, alumini, kalsiamu na titani, na vifungo hivyo havifunguki kwa kubembelezwa.

Njia inayojulikana zaidi ya kuvifungua inatumia ilmenaiti, madini meusi yenye chuma, titani na oksijeni. Hapa nchini yamo kwenye mchanga mzito wa pwani ya Kigamboni, na chuma cha Liganga kule Ludewa nacho kina titani yake. Unauchemsha mchanga hadi nyuzi joto 900 hivi, unapitisha gesi ya haidrojeni, nayo inainyang'anya chuma oksijeni yake na kutoka kama mvuke wa maji. Mvuke unapozwa ukawa maji, maji yanapitishiwa umeme yanagawanyika, oksijeni unaiweka akiba na haidrojeni inarudi kazini kuanza upya. Kemia safi kabisa, kijana wa kidato cha sita anaiandika ubaoni. Tabu yake ni mavuno: unapasha moto mlima wa mchanga ili upate oksijeni asilimia chache tu ya uzito wake. Tena mchanga wenye ilmenaiti nyingi uko kwenye yale mabonde meusi ya mwezi tunayoyaona kwa macho, wakati maji yanayosemwa yako kwenye ncha zake, ambako ilmenaiti ni haba. Huwezi kuwa na mgodi mmoja wenye vyote viwili.

Njia ya pili ni kuuyeyusha mchanga wote kwenye nyuzi 1,600 hivi na kupitisha umeme ndani ya ule uji wa moto. Oksijeni inatoka upande mmoja, chuma na madini mengine upande wa pili. Mavuno ni makubwa zaidi. Ila uji huo unatafuna karibu kila chombo unachouweka, na huko hakuna karakana ya kuagiza chombo kingine kesho asubuhi.

Maji yenyewe je? Hapa ndipo kijana wenu amejenga biashara yake, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwenye ncha ya kusini ya mwezi kuna kasoko, yaani mashimo makubwa, ambazo sakafu zake hazijaona jua kwa muda mrefu sana, baridi yake inapita nyuzi 200 chini ya sifuri. Maji yakifika humo yanaganda na kubaki. Chombo cha India, Chandrayaan-1, kilisaidia kuonyesha dalili za maji mwezini. Kisha tarehe 9 Oktoba 2009 NASA kwa makusudi wakakigongesha kipande kizima cha roketi ndani ya kasoko iitwayo Cabeus, na chombo kingine, LCROSS, kikapita nyuma yake kikilipima vumbi lililoruka. Walipata takriban asilimia 5.6 ya maji kwa uzito, huku kosa la kipimo likiweza kufika karibu asilimia 3 juu au chini.

Kwa lugha ya mgodi, hiyo ni sampuli moja. Mchimbaji mdogo wa Singida hawezi kuchimba duara, yaani shimo lake la mgodi, kwa sampuli moja, na akienda benki nayo watamcheka. Hatujui maji hayo yametandazwa sawasawa au yako vipande vipande, yako juu au mita mbili chini, ni barafu ngumu kama zege au chembe zilizochanganyika na vumbi. Mpaka leo hakuna aliyechoronga ndani ya kasoko hizo akatoa sampuli mkononi. Machi 2025 chombo cha kampuni binafsi ya Marekani kilichobeba mashine ya kuchoronga kwa kazi hiyohiyo kilitua karibu na ncha ya kusini kikiwa kimelala ubavu. Mashine ilijaribiwa ikaonekana inazunguka, lakini ardhi haikuifikia, na siku iliyofuata umeme uliisha. Kwa hiyo mtu anayekuuzia hisa za maji ya mwezini anakuuzia mashapo, yaani hazina ya ardhini, ambayo bado hayajathibitishwa na mtu yeyote duniani. Hapo tu kwangu inatosha, lakini tuendelee, maana Mirihi ina habari nzuri zaidi.

Mirihi ina hewa. Ni nyepesi mno, shinikizo lake halifiki hata asilimia 1 ya letu, na asilimia 95 yake ni kaboni dayoksaidi. Lakini ipo kila mahali, haichimbwi, haichorongwi. Gari la utafiti la Perseverance lilipotua kwenye kasoko ya Jezero Februari 2021 lilibeba kisanduku kiitwacho MOXIE. Kinavuta hewa ya nje, kinachuja vumbi, kinaibana, kinaipasha moto hadi nyuzi 800, kisha kinaipitisha kwenye vigae vyembamba vya kauri vyenye umeme. Kaboni dayoksaidi inapokonywa chembe moja ya oksijeni, chembe hiyo inapenya kwenye kauri na kutokea upande wa pili. Inayobaki ni kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la mkaa inayoua watu wakilala wamefunga madirisha, nayo inatupwa nje.

Aprili 20, 2021 kilitoa gramu 5.4, oksijeni ya kwanza kutengenezwa na binadamu kwenye sayari nyingine. Mpaka kinamaliza kazi mwaka 2023 kilikuwa kimewashwa mara 16 na kutoa jumla ya gramu 122. Mtu mmoja anatumia kama gramu 840 kwa siku, kwa hiyo hesabu yote hiyo ni pumzi ya mtu mmoja kwa saa tatu na nusu. Usiicheke lakini. Kisanduku hakikutengenezwa kulisha mtu, kilitengenezwa kujibu swali, na kilijibu vizuri kuliko walivyotarajia: lengo lilikuwa gramu 6 kwa saa, kikafika 12, tena safi kwa asilimia 98. Kilifanya kazi usiku, mchana, na misimu tofauti ya mwaka wa Mirihi. Binafsi naliona ndilo jaribio la maana kuliko yote katika fani hii mpaka sasa, kwa sababu lilifanyika palepale penye shida, si kwenye maabara yenye kiyoyozi.

Sasa kikuze. Tani 25 za oksijeni zikitakiwa kuwa tayari kabla watu hawajaondoka duniani, unahitaji kilo mbili na nusu hivi kila saa, usiku na mchana, zaidi ya mwaka mzima, bila fundi. Hiyo ni mara 200 ya MOXIE, na umeme wa kilowati 25 hadi 30 usiokatika. Mwanga wa jua unaofika Mirihi haufiki hata nusu ya unaotupiga hapa, na dhoruba za vumbi zinaweza kulifunika jua kwa wiki nyingi. Gari la Opportunity lilinyamaza moja kwa moja kwenye dhoruba ya namna hiyo mwaka 2018. Ndiyo maana wanajaribu vinu vidogo vya nyuklia vinavyotumia urani, na kimoja kilifanyiwa majaribio jangwani Nevada mwaka huohuo. Watu wa Bahi na Manyoni, ambao wamewahi kuona magari ya watafiti wa urani yakipita mbugani kwao, wanaweza kukuambia jinsi safari ya kutoka dalili za urani hadi urani yenyewe inavyochukua muda.

Nishati ndiyo inayosahaulika kila mara. Hata ukipewa maji bure mwezini, kugawanya lita tisa kupata kilo nane za oksijeni na kilo moja ya haidrojeni kunakula uniti 50 hivi za umeme. Wewe unayenunua LUKU unajua uniti 50 zinakaa ndani ya nyumba siku ngapi. Zidisha kwa tani, kisha kumbuka usiku wa mwezi, sehemu kubwa, unadumu karibu wiki mbili zetu.

Halafu kuna vumbi. Mwezini hakuna upepo wala maji ya kuzilainisha chembe, kwa hiyo vumbi lake lina ncha kali na linanata kwenye kila kitu. Harrison Schmitt, mtaalamu wa miamba aliyeshuka mwezini mwaka 1972, alipolivuta puani ndani ya chombo alishikwa na mafua ya mzio. Anayeendesha karasha la mawe anajua mchanga wa kawaida unavyokula nyundo na beringi, na yeye ana duka la vipuri mjini. Mimi ukiniuliza kitakachochelewesha migodi ya mwezini, sitasema kemia. Nitasema beringi, sili (vizibo vya mashine) na vichujio.

Kinachofanya kazi leo bila ubishi ni kutopoteza. Kwenye kituo cha kimataifa cha anga, kilomita kama 400 juu ya vichwa vyetu, wanarejesha maji ya jasho, unyevu wa pumzi na mkojo, na mwaka 2023 walifika asilimia 98. Oksijeni yao wanaipata kwa kugawanya maji kwa umeme. Haidrojeni inayobaki wameweza kuichanganya na kaboni dayoksaidi wanayoipumua nje, wakapata maji tena pamoja na methani. Mmenyuko huohuo ukiupeleka Mirihi, methani ile inakuwa mafuta ya roketi. Kwa maoni yangu mtu atakayeishi miaka mingi mbali na dunia ataokolewa kwanza na kichujio cha mkojo, mgodi utakuja baadaye sana.

Udongo nao una kazi moja ambayo haihitaji kuuchenjua kabisa. Dunia inatukinga kwa usumaku wake na kwa hewa nene. Ukitoka nje ya kinga hiyo mionzi inakupiga kila siku. Dawa yake rahisi ni kulala chini ya udongo. Wagogo walijenga tembe, nyumba fupi yenye paa la udongo mnene, na hicho ndicho kimsingi wanachochora wahandisi wa makazi ya mwezini: chumba chenye hewa, juu yake vumbi la mwezi mita mbili au tatu. Wengine wanataka kulichoma liwe tofali. Hilo nalipa nafasi kubwa ya kufanikiwa mapema, kwa sababu linahitaji koleo kuliko kemia.

Chakula sitakiongelea sana. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walipanda mmea mdogo wa maabara kwenye gramu 12 za udongo halisi wa Apollo. Uliota, ukadumaa, ukaonyesha dalili za mateso. Udongo wa Mirihi nao una chumvi za pakloreti, ambazo chombo cha Phoenix kilizigundua mwaka 2008, na ni sumu kwa tezi ya shingo. Kulima kupo, ila ndani ya banda na kwa udongo uliooshwa, na bado si shamba la kulisha familia.

Kuhusu Dodoma yetu. Swali lako ni la haki na halijibiwi kwa kuambiwa "ni mambo tofauti". Tofauti yake ni hii: maji ya mwezini yana thamani kwa sababu kuyapeleka kutoka duniani ni gharama ya kutisha, kwa hiyo hata njia ghali na yenye mavuno madogo inaweza kulipa. Hapa hakuna anayeweza kununua dumu kwa bei hiyo. Maji yetu yapo chini ya ardhi, Makutupora na Mzakwe, kwenye mji unaopata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, huku watu wakiongezeka kwa kasi tangu Serikali ihamie. Kinachokosekana ni visima vya kutosha, pampu, mabomba, matangi, na muda wa ardhi kujaza kilichochotwa. Hakuna mtambo wa mwezini utakaotatua hilo. Na hata kutengeneza maji kwa kuchemsha mchanga wa Nkuhungu kungekumaliza kwa LUKU kabla hujajaza ndoo.

Sasa fedha. Mkataba wa anga za juu wa mwaka 1967 unakataza nchi yoyote kuumiliki mwezi. Marekani mwaka 2015 na Luxembourg mwaka 2017 zilitunga sheria zinazoruhusu kampuni kumiliki kile ilichokwisha kukichimba, si ardhi yenyewe. Kwa hiyo "kiwanja cha mwezini" ni karatasi tu, na "hisa za mgodi wa mwezini" ni hisa za mgodi usiokuwepo. Unataka kujua soko likoje? Mwaka 2020 NASA iliingia mikataba na kampuni kadhaa za kununua kiganja cha udongo wa mwezi, na moja kati ya hizo ilikubali bei ya dola moja. Mnunuzi mkubwa kuliko wote, dola moja! Nia ilikuwa kuweka mfano wa kisheria, lakini bei ni hiyo. Kampuni ya Planetary Resources, iliyojitangaza mwaka 2012 kwamba itachimba vimondo vinavyoelea angani na iliyokuwa na mabilionea nyuma yake, iliishiwa na mwaka 2018 ikachukuliwa na kampuni ya mambo tofauti kabisa. Wale walikuwa wahandisi wa kweli wenye fedha za kweli.

Na kama kijana akihamia kwenye wimbo wa kuleta utajiri wa vimondo duniani, muulize kuhusu Kimondo cha Mbozi. Kiko hapahapa nchini, kina chuma karibu asilimia 90 na nikeli asilimia 8 hivi, kimeshatua chenyewe bila nauli, na watu wanakwenda kukipiga picha.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kikoba ni hapana, bila kona. Sisemi kijana ni tapeli, simjui. Nasema bidhaa anayoiuza haijakuwepo. Fedha ya kikoba ni ya ada za Januari na mtaji wa genge, haiwezi kusubiri kitu ambacho wenye roketi wenyewe bado wanakitafuta.

Kuhusu mwanao, mwache, ila mgeuze kidogo. Asitafute kozi yenye jina la anga, atafute kozi itakayompa kazi hapa na wakati huohuo iwe ndiyo inayohitajika kule: uhandisi kemikali, uchenjuaji wa madini na metalojia, uhandisi wa maji, umeme, au jiolojia. Chuo Kikuu cha Dodoma na cha Dar es Salaam vyote vinafundisha uhandisi wa madini, na Chuo cha Madini hapa Dodoma kina stashahada kwa anayetaka kuanzia mikononi. Mtu anayejua kuondoa floridi kwenye maji ya kisima cha Singida, au kupata dhahabu iliyobaki kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, ya mchimbaji mdogo, hatakosa kazi. Anga atalikuta shahada ya pili. Kabla hajajaza fomu, msome naye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wa mwaka huu, kwa sababu vigezo vya alama hubadilika, kisha aende mwenyewe chuoni aombe kuonana na mhadhiri wa idara anayoitaka. Hapa mjini tuna pia Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST. Aombe kuona maabara. Akitoka humo bado macho yanamng'aa, basi ni wito.

Kuna sehemu ambayo mimi siwezi kuimaliza kwa maandishi. Huyo muuza hisa mwambieni alete kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana cha kuuza hisa kwa umma. Cheti cha BRELA hakitoshi, kinaonyesha tu kwamba jina limesajiliwa. Msichukue kopi ya kwenye simu mkaridhika, nendeni mkaulize mamlaka yenyewe kama wanaitambua, na pitieni pia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, anayejua vikoba na sheria zake. Akianza kuwaharakisha, au akiahidi faida ya kila mwezi, au akiwataka mlete wenzenu ndipo mlipwe, mazungumzo yaishe hapohapo. Na kama kuna mama aliyeshatuma chochote, asione aibu. Atunze ujumbe wote na kumbukumbu za miamala, awahi polisi na kwa kampuni ya simu siku hiyohiyo, kwa sababu fedha ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni kazi ngumu.